Mama Mkwe wa Chumba cha Kukunjia

Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio, na huko ndiko lilikobaki. Watu wote wa sehemu ya kufulia ya hospitali walimwita Redio. Hata daktari mmoja mkubwa, aliyepotea njia akaingia huko akitafuta mlango wa kutokea, aliondoka akisema, "Asante sana, Redio," kana kwamba walisoma pamoja.

Usidhani aliitwa hivyo kwa kuwa na domo. Mwenye domo alikuwa mwenzake mwingine, na huyo wakambandika jina la Kimya, maana watu wa kule wana utani wao. Redio aliitwa Redio kwa sababu aliwasomea wenzake vitabu kwa sauti, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita, siku tano kwa wiki, kwa miaka kumi na mmoja.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya mashine za kukaushia: meza moja ndefu, rafu za mbao mpaka darini, madirisha yaliyoziba kwa mvuke. Mashuka, foronya na magauni ya wagonjwa yaliletwa kwa toroli yakiwa bado ya moto. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja hushika pembe zake mbili, wakalivuta mpaka likanyooka, kisha wakasogeleana mpaka vidole vyao vikagusana, mmoja akapokea, mwenzake akainama kuudaka mkunjo. Fanya hivyo mara mia tatu kwa siku uone kichwa kitakupeleka wapi. Kitakupeleka kwenye magomvi ya nyumbani, na huko hakuna aliyetaka kwenda akiwa kazini.

Kitabu cha kwanza kusomwa chumbani humo kilikuwa mwongozo wa mashine mpya ya kukamua. Msimamizi aliwapa wausome, nao wakamsukumia Redio kwa kuwa ndiye aliyekuwa na macho mazuri. Akausoma kwa sauti tamu kiasi kwamba alipofika pale panapoonya usitie mkono ndani ngoma ikizunguka, mwenzao aliyeitwa Bibi Harusi aliguna kwa hofu. Walipomaliza wakaona kimya kimekuwa kirefu. Kesho yake Shangazi, mkubwa wao wote kwa umri na kwa heshima, alileta kitabu cha hadithi alichokiokota kwenye chumba cha wagonjwa, akavuta kiti kisichokuwa na mgongo, akasema, "Kaa hapo. Sehemu yako tutakunja sisi."

Hivyo ndivyo kiti kilivyopata mwenyewe. Wanne walikunja kazi ya watu watano, Shangazi na Kimya upande huu, Mama Pacha na Bibi Harusi upande ule, naye Redio akasoma. Bibi Harusi wakati huo alikuwa tayari na miaka minne ya ndoa, lakini jina lilikataa kumtoka.

Na kiti kilikuwa na sheria. Ya kwanza: kitabu kikianzwa, kinamalizwa, kiwe kitamu kiwe kichungu. Ya pili ilikuja baadaye, siku Redio alipofika kwenye ukurasa wa watu wawili waliofunga mlango wa chumbani, akaona haya, akauruka. Kimya alikuwa akihesabu kurasa kwa sikio. "Hao watu walikuwa wamesimama mlangoni," alisema, "sasa wanakunywa chai asubuhi. Hapo katikati pameliwa na panya?" Walicheka mpaka mashuka yakaanguka chini, lakini Shangazi hakucheka. Aliweka sheria: msomaji haruki wala haongezi, hata neno moja. Atakayevunja anaacha kiti.

Wewe utasema kiti kisicho na mgongo ni kitu gani mpaka mtu akililie. Basi sikiliza. Redio alipokuwa msichana alitaka kuwa mwalimu. Mama yake akaugua, wadogo zake wakawa watatu na yeye ndiye wa kwanza, akaacha shule akawalea. Wadogo wale sasa wana ofisi zao na miwani yao, na wanamletea salamu. Yeye alichobakiwa nacho ni saa mbili kila asubuhi ambazo watu wanne wazima walimtazama mdomoni wakingoja neno lake lifuatalo. Saa hizo mbili alikuwa mtu. Zilizobaki alikuwa mfanyakazi wa kufulia.

Sasa kikaja kile kitabu.

Kililetwa na binti yake, aliyekuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu. "Mama, hiki wanakisifu sana," alisema. "Wasomee wenzako kitu cha maana." Ilikuwa riwaya nene kuhusu nyumba moja na watu wake: mama mkwe, mkaza mwana, ndugu wawili na mtoto mdogo, wote wakigombania nani alale chumba cha mbele. Iliandikwa vizuri, hilo Redio hakulibisha. Sentensi zake zilikuwa zimenyooka kama shuka lililotoka kwenye pasi. Tatizo lilikuwa watu. Mama mkwe alikuwa na ulimi wa wembe. Mkaza mwana alimficha mama yule miwani yake, akakaa pembeni kumtazama anavyojigonga kwenye meza. Ndugu mkubwa mwongo, ndugu mdogo mvivu, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake pole.

Redio alikisoma mwenyewe nyumbani kwanza, kama alivyofanya siku zote, na kufikia sura ya nne moyo ulikuwa umemvunjika.

"Hakuna hata mmoja wa kumkaribisha ndani," alimwambia binti yake, aliyekuwa akipiga pasi sare zake za mafunzo.

"Mama, wahusika hawaandikwi ili uwapende. Mwandishi anatuonyesha jamii ilivyo."

"Jamii ipi hiyo? Mimi nafua mashuka ya watu wanaokufa, mwanangu. Nimeona wabaya. Kuna bwana mmoja aliwatukana wauguzi wiki nzima, siku ya kuondoka akatandika kitanda mwenyewe, akanyoosha mpaka pembe. Huyu mwandishi angeondoka siku ya tatu, asingekiona kile kitanda."

"Lakini huyo mama mkwe si jirani yako. Ni mhusika tu."

"Nimekaa naye wiki mbili. Ni jirani."

Binti alicheka, akageuza pasi. Redio hakucheka, kwa sababu sheria ya kwanza ilikuwa imekwisha kumfunga: sura tatu zilikuwa zimesomwa kazini.

Siku ya sura ya tano ndiyo iliyoleta balaa. Mtoto wa nyumba ile ana homa, anakwenda kugonga mlango wa bibi yake, na mama mkwe anazungusha ufunguo akafunga. Basi, sura imekwisha. Redio aliposoma hivyo, Shangazi aliacha pembe za shuka zikaning'inia. Bibi Harusi alisema wazi, "Mimi kesho naomba nihamie upande wa nguo chafu. Afadhali harufu kuliko huyu mchawi." Kimya, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakusema kitu. Mama Pacha alikuwa amegeukia ukutani. Wote walijua kwa nini: kwake kulikuwa na mama mkwe ambaye hawasemeshani naye huu mwaka wa pili, wakipitana ukumbini wakikwepana mabega.

Redio aliwaona wanamponyoka. Macho yake yalikuwa kwenye ukurasa mtupu chini ya sentensi ya mwisho, na mdomo ukafanya kazi yake bila kumwomba ruhusa.

"Lakini mama mkwe hakuondoka nyuma ya mlango," alisoma, mahali palipokuwa hapana kitu. "Alibaki amesimama, mkono uko kwenye ufunguo, mpaka mtoto alipoacha kulia."

Mama Pacha aligeuka. "Alibaki?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," alisema Redio, na masikio yakamwaka moto.

Sentensi mbili zikaleta kumi. Mchana akirudi nyumbani alikaa kwenye meza ya jikoni na penseli, akaandika nyuma ya zile karatasi za kuorodheshea nguo, akazichomeka katikati ya kurasa. Hakumgeuza mama mkwe kuwa malaika, hapana, alikuwa na akili zaidi ya hapo. Ulimi wa wembe alimwachia. Alichompa ni zile dakika mwandishi alizomnyima: mama mkwe akimshonea mtoto kifungo huku akimtukana mama yake, mkaza mwana akirudisha miwani kimyakimya akaiweka pale itakapoonekana. Na katika sura ya tisa aliandika tukio refu kuliko yote. Mkaza mwana anapeleka chai chumbani kwa mama mkwe, hasemi neno, anaiweka, anageuka kuondoka, na yule mama anasema, "Umesahau sukari," kwa ukali uleule wa kila siku, kisha anasogea kidogo kitandani ili mwenzake apate pa kukaa.

Chumba kizima kilipagawa. Toroli zilikuja zikarudi tupu kabla ya wakati. Kimya alianza kumtetea mama mkwe mbele ya watu wa jikoni, na Bibi Harusi akasahau habari za nguo chafu. Redio alikuwa akitembea juu juu kwa furaha, na kitabu hakumwachia mtu akishike.

Binti yake alizigundua zile karatasi Jumamosi moja alipokuwa akitafuta mahali fulani kwenye kitabu kwa ajili ya mtihani. Akasoma moja, mbili, akakaa chini akazisoma zote.

"Mama, umemtia mwandishi maneno mdomoni."

"Najua."

"Wao wanajua?"

Redio alimenya kitunguu mpaka kikabaki kidogo kama gololi. "Wakijua, kiti nimekipoteza," alisema.

"Basi waambie wewe kabla hawajaambiwa."

Ushauri mzuri, na Redio aliufunga kichwani aende nao Jumatatu. Ila alichelewa. Jumatatu alipofika, Mama Pacha alikuwa amesimama katikati ya chumba, na mkononi ana kitabu kilekile, nakala nyingine, kuukuu, aliyoipata kwa muuza vitabu vilivyotumika. Wengine watatu walikuwa nyuma ya meza, hakuna aliyeshika shuka.

"Iko wapi chai?" aliuliza Mama Pacha.

Redio alitua mkoba wake polepole.

"Nakuuliza, Redio. Chai iko ukurasa wa ngapi? Nimetafuta sura ya tisa, nimetafuta ya nane, nimetafuta kitabu kizima. Hakuna chai! Kuna mama anamtemea mkaza mwana mate! Mlango anafunga na anakwenda kulala, wala hasimami nyuma ya kitu chochote!"

"Hakuna chai," alisema Redio. "Niliiweka mimi. Yote mliyoyapenda niliyaweka mimi." "Nilikichukia kitabu, na nikaona na nyinyi mnakichukia, na sheria ilisema tukimalize. Sikutaka kuwapoteza. Nimewadanganya wiki tatu, na mwandishi nimemkosea pia, maana hakuniomba msaada. Samahanini."

Mama Pacha alikipiga kitabu mezani.

"Samahani yako nitaipeleka wapi?" Mama Pacha alikuwa karibu kulia kwa hasira. "Unajua umenifanya nini? Nilimpelekea chai! Mimi! Nilitoka hapa siku ile, nikafika nyumbani, nikachemsha chai, nikaingia chumbani kwa mama mkwe wangu, miaka miwili sijakanyaga mle ndani. Kwa sababu nilidhani imeandikwa! Nilidhani kuna mtu mwenye akili, mtu wa vitabu, amekaa chini akaona kuwa jambo hilo linawezekana!"

Hapo Shangazi aliingilia. "Akafanyaje mama yako?"

Mama Pacha alijipangusa pua kwa ukingo wa aproni. "Aliinywa."

"Akasema nini?"

"Akasema ina tangawizi nyingi. Akaniambia keti."

Bibi Harusi aliweka mkono mdomoni.

"Basi tukawa tunakaa," Mama Pacha aliendelea, sauti imeshuka. "Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nikamweleza habari za kitabu, akasema angependa kukisikia. Ndiyo nikakitafuta. Jana mchana nikakaa kando yake nikamwambia, mama, ngoja nikusomee mahali pazuri. Nikafungua. Nikapekua na kupekua, naye ananisubiri, amekunja mikono. Nimeumbuka, Redio! Nilitamani ardhi inimeze."

"Ukamsomea yale ya mate?" Kimya hakuweza kujizuia.

Mama Pacha alitazama viatu vyake. Kisha akatazama dirisha la mvuke. Mtu mwenye macho angeona kwamba hasira ilikuwa ikitafuta mlango wa nyuma.

"Nilishika kitabu mbele ya uso," alisema, "nikajifanya nasoma. Nikasema ya Redio. Kwa kichwa. Neno kwa neno."

Wa kwanza kucheka alikuwa Shangazi, na Shangazi akicheka hucheka na mabega na meza pia. Akafuata Kimya, kisha Bibi Harusi akaketi juu ya rundo la foronya akishika mbavu. Mama Pacha alijaribu kununa akashindwa, akacheka machozi yakimtiririka, huku akimpiga Redio begani kwa kitabu, si kwa nguvu sana, lakini si kwa mchezo pia.

"Mnacheka nini? Mnacheka nini nyinyi? Mama amesema niendelee! Leo nikirudi ananingoja, nami sijui kinachofuata! Hiki nimekisoma mpaka mwisho peke yangu. Wote wanaondoka kila mtu na njia yake na hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha. Nitampelekea mama mwisho huo? Na tangawizi yetu yote tuliyokunywa?"

Wakati huohuo mlango wa chumba cha mashine ulifunguliwa, akaingia msimamizi, uso umekunjamana. Toroli tatu zilikuwa zimejipanga nje, hakuna aliyeziingiza.

"Kuna nini hapa? Wodi zinapiga simu, hazina mashuka!"

"Tuna kikao," alisema Shangazi.

"Kikao cha nini saa hizi?"

"Cha mama mkwe."

Msimamizi akashusha sauti. "Amefanya nini tena? Mbona juzi alikuwa amesogea kitandani vizuri tu?" Kisha akatambua alichokisema, akakohoa, akasingizia kuwa mlango ule hausitiri sauti hata kidogo. Kumbe mwaka mzima alikuwa akienda kukagua mitambo saa nne kamili, na mitambo ilikuwa mizima kabisa.

Shangazi aligonga meza mara moja. Wakanyamaza wote, pamoja na msimamizi.

"Sheria ni sheria," alisema. "Tuliiweka wenyewe na hatutaivunja kwa sababu ya kicheko. Redio, uliongeza. Kiti umekipoteza."

Redio aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa neno hilo tangu Jumamosi, na bado lilimchoma. Miaka kumi na mmoja si mchezo. Alikichukua kiti mwenyewe, akakisukuma chini ya meza, akavaa aproni ya kukunjia, akasimama pamoja na wenzake kama mtu aliyeajiriwa asubuhi hiyo.

"Kiti ni cha msomaji," Shangazi akaendelea, "na wewe si msomaji. Tulikuwa hatujui wewe ni nani, ndiyo maana tulikukalisha pale. Msomaji anasema ya mwenzake. Haya, tuambie yako. Mama wa watu anangojea."

"Sina kitabu," alisema Redio.

"Ndiyo," alisema Shangazi.

"Sijaandika mwisho. Karatasi zangu zinaishia sura ya kumi na mbili. Na kitabu kizima nakifahamu, naweza kuwasomea ulivyo mwisho wa mwandishi, ni haki yake..."

"Wa mwandishi nimeusoma," alisema Mama Pacha. "Nimemsikia, na ni haki yake, na ameniudhi. Sasa nakutaka wewe." Akavuta ndani toroli moja, akachukua shuka, akalikung'uta, akampa Redio pembe mbili.

Redio alizishika. Mikono yake ilikuwa imesahau kidogo, ila shuka lilikuwa na joto na pembe zilikuwa pembe. Alimtazama Mama Pacha ng'ambo ya kitambaa kile cheupe, akawatazama wengine, hata msimamizi aliyekuwa ameegemea mlango amejisahau kabisa. Walikuwa wakimtazama mdomoni kama siku zote, lakini safari hii hapakuwa na ukurasa wa kujifichia.

"Kitabu kinaishia pale wanapofungasha mizigo," alisema. "Msije mkamlaumu mwandishi kwa nitakayoyasema. Kuanzia hapa ni mimi."

Akaanza. Mwanzoni alitafuta maneno kama mtu anayepapasa swichi ukutani, kisha akayapata, na sauti ikafunguka kuliko ilivyowahi kufunguka kwenye kiti. Mama mkwe alisimama kwenye mizigo. Ulimi wake ulikuwa wembe kama kawaida, na Redio hakuupunguza makali, akamwacha awatukane wote mmoja mmoja, mpaka alipofika kwa mkaza mwana. Hapo matusi yalimwishia. Mashuka yakaanza kupita, kunyoosha, kusogeleana, kupokea, Shangazi na Bibi Harusi upande wao, Kimya akibeba na kupanga, msimamizi mwenyewe akisukuma toroli na kuzunguka kwa ncha za viatu asipige kelele. "Mimi nilikuonea," mama mkwe alisema, na akalisema kwa hasira, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kusema kitu, "nilikuonea na nilijua, na ukiondoka leo nitabaki na nani wa kumsema?"

Redio na Mama Pacha walisogeleana mpaka vidole vyao vikagusana. Redio aliachia pembe, akainama kuudaka mkunjo, na hakuacha kusimulia. Mama Pacha alipokea, akachezesha midomo bila sauti, akiyashika maneno moja baada ya jingine, ayafikishe nyumbani yakiwa mazima.